Mama Subiri na Mita Kumi na Moja za Mtaro

Tunayemzika leo, Jumatano tarehe 30 Aprili 2025, wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Subiri. Jina hilo alipewa na madereva wa mashine za kuchimba mitaro, akalipokea na kuishi nalo, hata karani wa hospitali aliliandika kwenye kadi yake. Yafuatayo ni maisha yake kama yalivyokusanywa kutoka kwa mume wake, watoto wake, wadogo zake na karatasi alizoziacha. Sehemu moja ya maisha hayo aliagiza mwenyewe isomwe mbele ya watu wote. Itasomwa kama alivyoagiza.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha pili cha nyumba ya vyumba sita iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alikuwa dobi aliyefulia familia za mitaa mitatu. Mama huyo alikuwa na kipaji ambacho wateja wake hawakukipenda. Alipopokea furushi la nguo alitazama kwanza pindo za suruali, kabla hata ya kuuliza ni za nani. "Huyu kapita kwenye tanuri la matofali," alisema. Au, "Huyu kasema alilala kazini. Kazini kwake tope jekundu limeanza lini?" Mtoto aliyeshika beseni kando yake alisikia yote. Kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa anajua majivu ya jikoni kwa kuyagusa, tope la mfereji kwa harufu, na udongo wa mtaa wa juu kwa rangi yake ya kutu. Baba yake alimwambia aache, kwa kuwa mtoto wa dobi hapaswi kujua siri za watu. Mama yake akajibu, "Yeye hajui siri. Anajua udongo. Siri wanazileta wenyewe."

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 katika shule iliyokuwa mkabala na tangi la maji, akamaliza mwaka 1974. Kisha alisoma sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978. Alitamani kuendelea, lakini wadogo zake wanne walikuwa nyuma yake na viatu vya kushona vilikuwa vimepungua. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha uchapaji kilichokuwa na mashine nane na wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ambazo zamu yake haikufika alichapa juu ya ubao aliochorewa herufi na baba yake, kwa rangi ya viatu. Alimaliza mwaka 1980 akiwa wa pili. Kila alipoulizwa kuhusu matokeo hayo aliongeza kwamba wa kwanza alikuwa na mashine kwao.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kuwa karani mchapaji katika idara ya mambo ya kale ya mji. Kazi yake ilikuwa kuchapa taarifa za mtafiti aliyekuwa akienda kutazama mitaro. Baada ya miaka mitatu ya kuchapa, alibisha hodi kwenye meza ya mtafiti huyo.

"Bwana, samahani. Mji huu wote una udongo wa rangi moja?"

"Kwa nini?"

"Kila ukurasa umeandika kahawia."

"Wewe chapa tu, binti yangu."

Alichapa. Mwezi Juni 1985 mtafiti aliteleza akavunjika kifundo cha mguu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kupeleka. Karani alitumwa akasimame tu, mtaro usikae bila mtu wa idara. Alikwenda na viatu vya ofisini na mwavuli. Jioni alirudi na kurasa nne zilizotaja aina saba za udongo. Mtafiti alizisoma kitandani, mguu ukiwa kwenye plasta. Inasemekana alipomaliza alimwomba mkewe amletee fomu ya mafunzo. Marehemu alisomea kazi hiyo kwa miezi tisa, na tarehe 1 Oktoba 1986 akathibitishwa kuwa mwangalizi wa mitaro. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika idara.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mji ukitaka kulaza bomba la maji, bomba la majitaka au waya wa simu, barabara hupasuliwa. Chini ya barabara kuna barabara ya zamani, na chini yake kuna sakafu, visima, majaa, na pengine makaburi ambayo hakuna aliye hai anayeyajua. Mwangalizi husimama ukingoni, macho kwenye kijiko cha mashine. Akiona kitu huinua mkono, dereva husimama, naye hushuka na mwiko wa mwashi, brashi na futi kamba. Hupima, huchora, hupiga picha na kuandika. Asipoona kitu huandika pia: tarehe, mita, kina, rangi ya udongo, na maneno mawili, "Hakuna kitu". Marehemu aliwafundisha waliomfuata kwamba hayo maneno mawili ndiyo mazito kuliko yote kwenye fomu, kwa sababu mtu akishayasoma harudi tena kuangalia. Kanuni ya kwanza aliyowafundisha ilikuwa fupi: usiandike usichokiona.

Vibarua walimtania. "Mama, kweli serikali inakulipa kwa kuangalia udongo?" Alijibu bila kuondoa macho mtaroni, "Na wewe inakulipa kwa kuuhamisha. Sasa kati yetu nani anaumwa mgongo?" Wadogo zake nao walipolalamika kwamba kila tatizo la ukoo linaishia kwake, alisema, "Ukubwa ni jaa. Bahati yangu mimi majaa nayasoma."

Mwaka 1988 aliletewa dereva mpya wa kijiko, mtu mrefu, mpole, asiyependa kusimamishwa. Mume wake mwenyewe ndiye aliyesimulia juzi mazungumzo yao ya kwanza.

"Dada, hii ni mara ya tisa tangu asubuhi. Kuna nini humo?"

"Kigae."

"Cha nini?"

"Cha chungu."

"Chungu cha nani?"

"Angekuwepo ningemuuliza."

"Na mimi nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kupima."

Alisubiri miaka miwili na nusu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1990, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, na asubuhi walitoka pamoja kwenda kwenye mtaro mmoja. Nyumbani alimwita mumewe Dereva, naye alimwita Mama Subiri hata kabla hawajapata mtoto. Mungu aliwajalia watoto wawili. Mvulana alizaliwa Desemba 1991, ambaye sasa ni fundi umeme, na msichana alizaliwa mwaka 1995, ambaye ni muuguzi.

Hapa ndipo panapoanza sehemu aliyoagiza isomwe.

Mwaka 1991 mji ulikuwa ukilaza bomba la maji katika barabara inayopita nyuma ya ghala la nafaka. Mitaa miwili ilikuwa haijapata maji kwa miezi mitano, na msimamizi wa kazi alikuwa akifokewa kila siku na watu wenye ndoo. Hapo kazini hapakuwa na choo cha wanawake. Wanaume walikwenda nyuma ya uzio. Marehemu alivumilia hadi mchana, na aliposhindwa alitembea mitaa mitatu hadi nyumbani kwa mama mmoja mshonaji aliyemkubalia. Mwezi wa tatu mwaka ule alikuwa amepewa barua ya onyo kwa kuondoka ukingoni bila kusimamisha mashine.

Alhamisi tarehe 16 Mei 1991 alikuwa na mimba ya miezi miwili. Saa nne asubuhi tumbo lilichafuka. Kusimamisha mashine kulimaanisha kumwambia msimamizi sababu, na hakutaka sababu hiyo ijulikane. Alimtazama mumewe aliyekuwa juu ya kijiko, akamwambia, "Nenda polepole. Narudi sasa hivi." Alitembea mitaa mitatu. Mshonaji alimpa maji na kigoda, akamwambia apumzike kidogo. Alisinzia akiwa amekaa, kichwa kimeegemea mashine ya cherehani. Alipozinduka ilikuwa karibu saa tano na nusu.

Aliporudi alikuta mita kumi na moja zimechimbwa, bomba limelazwa na udongo umerudishwa. Kwenye fomu ilikuwa ni mita ya 41 hadi ya 52. Msimamizi alipita akasema, "Hakuna kitu, mama. Andika twende." Alimgeukia mumewe.

"Kulikuwa na kitu?"

"Hakuna."

Aliandika "Hakuna kitu", kwa mwandiko uleule wa mistari iliyotangulia. Mbele ya neno rangi aliandika "kahawia".

Aliendelea na kazi kwa miaka ishirini na minane zaidi. Alitembea kando ya mitaro ya simu, ya majitaka na ya nyaya za umeme. Alifundisha waangalizi kumi na wanne. Mwaka 2006 alipewa kazi ya kuandika utaratibu wa kumbukumbu za idara, ule unaotumika hadi leo, na humo aliandika kwamba karatasi ya mtaro hurekebishwa na yule tu aliyeisaini, kwa mkono wake, mbele ya mtunza kumbukumbu. Akishafariki, karatasi hubaki ilivyo. Alistaafu tarehe 30 Juni 2019. Siku ya kumuaga, idara ilihesabu karatasi zake zikafika 1,874, ikampa cheti cha utumishi, nacho kikatundikwa sebuleni kwake juu ya redio. Waliomjua walisema hakuna mstari mmoja kati ya hizo wenye shaka. Yeye alisema, "Upo mmoja," wakacheka, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuumwa. Hospitali ya rufaa iligundua saratani ya utumbo. Alifanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huohuo, na mwaka wote wa 2024 alikwenda kutundikiwa dawa kila baada ya wiki tatu, binti yake akiwa naye. Mwezi Desemba madaktari walisema dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Alipoambiwa aliuliza ni miezi mingapi. Akaambiwa minne, pengine mitano. Alimshukuru daktari akaomba kuvaa viatu.

Asubuhi moja ya Januari mwaka huu, alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo, redio ikiwa sebuleni. Lilisomwa tangazo kwamba mji utalaza bomba kubwa la majitaka nyuma ya ghala la nafaka, palepale lilipo bomba la maji la zamani. Mtaro ungekuwa mpana mara mbili. Kwa kuwa kumbukumbu za mwaka 1991 zilionyesha hapana kitu, kazi ingefanyika bila mwangalizi. Tarehe ya kutoa ruhusa ilikuwa 20 Machi.

Mume wake aliizima redio. Alisimama mlangoni.

"Ile siku," alisema. "Ile mita ya arobaini na ngapi."

"Arobaini na moja."

"Kulikuwa na watu."

Marehemu aliweka chini shati alilokuwa ameshika. Hakupandisha sauti.

"Wangapi?"

"Wawili niliowaona. Ukutani mwa mtaro, mkono wa kushoto."

"Wamelalaje?"

"Ubavu. Wamekunja magoti. Mmoja mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Alimwonyesha kwa mikono. Marehemu aliitazama ile nafasi kati ya mikono kwa muda.

"Uliwakata?"

"Kijiko kilimgusa mkubwa miguuni. Nilishuka nikamrudishia miguu kwa mkono. Nikashindilia udongo kwa koleo. Kisha yule msimamizi akapiga kelele twende, nikapanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema kuna watu, angeuliza mwangalizi yuko wapi. Ulikuwa na barua ya onyo. Nilikuficha wewe."

"Ulinificha mimi," alisema marehemu, "ukawaficha na wao."

Marehemu alimaliza kukunja shati, kisha akaomba kalamu. Mume wake anasema hakumlaumu tena kwa neno, siku ile wala baadaye. Alisema kosa la kwanza lilikuwa la aliyeandika, kwa sababu dereva hakuwa na fomu.

Mwana wao mkubwa alipoambiwa, hakukubaliana. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, ni miaka thelathini na nne. Nani atauliza?"

"Kijiko hakiulizi. Ndiyo maana naenda."

"Watasema kazi yako yote ilikuwa hivyo. Cheti kile pale sebuleni kitakuwa karatasi tu."

"Sasa hivi ni nini?"

"Mama, nakuomba. Pumzika. La kuvunda halina ubani."

"Hawa hawajavunda, mwanangu. Wamelala. Wanaotaka kuwaamsha ni sisi."

Mwana alitoka akaenda kusimama barazani. Aliporudi aliuliza ofisi hiyo inafunguliwa saa ngapi, na kama ina ngazi.

Ngazi zilikuwa kumi na tisa, za kushuka, kwa kuwa kumbukumbu za idara huhifadhiwa chini ya jengo. Mara ya kwanza, mwezi Februari, walirudi bure. Sanduku la nusu ya kwanza ya 1991 lilikuwa limepelekwa kwa mhandisi wa majitaka na halijarudishwa. Baada ya safari hiyo marehemu alilazwa hospitali kwa siku nane. Aliporuhusiwa alikuwa hawezi tena kusimama peke yake, na zilibaki siku kumi kabla ya ruhusa kutolewa.

Jumatano tarehe 12 Machi, saa tatu asubuhi, mwanawe alimbeba mgongoni akashuka naye ngazi zote. Dereva alitangulia na kiti. Mtunza kumbukumbu alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne aliowafundisha, na sanduku alikuwa ameshaliweka mezani. Alisoma alichotaka kuandika mwalimu wake, akavua miwani.

"Mwalimu, ukisaini hii, utaratibu unanilazimu niweke alama ya shaka kwenye karatasi zako zote. Zote, mpaka zihakikiwe moja moja."

"Naujua utaratibu. Niliuandika mimi."

"Basi walau andika kwamba kuna makaburi. Mhandisi akiona neno makaburi atasimama mara moja. Akiona 'sikuwepo' peke yake, ataleta maneno."

"Mimi niliyaona?"

"Mzee aliyaona."

"Basi Mzee aandike ya Mzee. Mimi nitaandika yangu. Nimekosea mara moja kwa kuandika macho ya mtu mwingine, nirudie tena leo na pumzi ndiyo hii?"

Mtunza kumbukumbu alivaa miwani yake. Marehemu aliandika kwa mkono wake, na maneno yanasomeka. Nakala yake tunayo: "Mita ya 41 hadi ya 52, tarehe 16 Mei 1991. Sikuwepo. Maneno 'Hakuna kitu' niliyoyaandika hapa niliambiwa, sikuyaona. Rangi ya udongo siijui."

Kisha karatasi ya pili ilisogezwa kwa mume wake. Katika idara hiyo hapakuwa na fomu ya ushahidi wa dereva, kwa hiyo alipewa karatasi tupu. Alishika kalamu akauliza, "Hapa kwenye cheo niandike nini?"

"Dereva," alisema marehemu. "Andika uliowaona, na upande, na kina. Usiweke huruma."

Aliandika kwa dakika arobaini. Mkewe alikuwa amefumba macho, na kila mume aliposimama kufikiri alimsikia akisema, "Endelea, sijalala." Walisaini wote. Mwana aligeuka akainama, wakapanda ngazi.

Tarehe 20 Machi ruhusa ya kuchimba ilitolewa kwa sharti jipya, kwamba kuanzia mita ya 35 hadi ya 60 mashine isitumike na awepo mwangalizi. Tarehe 3 Aprili ilikuja barua nyingine, iliyoandikwa kwa adabu. Ilisema karatasi zote 1,874 za marehemu zimewekewa alama ya shaka, na kwamba pendekezo la kukiita chumba cha mafunzo kwa jina lake limeondolewa kwa sasa. Binti yake alimsomea. Marehemu alisema, "Sawa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo." Akaomba cheti kishushwe ukutani, kisitupwe, kiwekwe tu kabatini. Siku hiyohiyo aliagiza kwamba atakapozikwa, mambo haya yasomwe yote. Alisema hataki mtu asimame kaburini kwake aseme hakuna kitu.

Kuanzia katikati ya Aprili hakula. Binti yake alichukua likizo akamhudumia nyumbani, chumba cha mbele, kitanda kikiwa kimegeuzwa kuelekea dirishani. Alikuwa na maumivu, na dawa iliyapunguza. Jumapili tarehe 27 Aprili 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Mume wake alikuwa upande wa kushoto na binti yake upande wa kulia. Mwanawe alikuwa njiani akitoka kununua mkate. Alifika saa tisa na nusu na mkate bado ulikuwa wa moto. Uliwekwa mezani, na haukukatwa hadi kesho yake.

Tangu hapo saa za nyumbani zinakwenda kama kawaida. Watu wanakuja, wanakaa, wanaondoka. Mume wake anajibu akiulizwa. Amepiga pasi mashati yake yote, yakaisha, akayakunjua akaanza tena.

Mtaro wa majitaka ulianza kuchimbwa Jumatatu, siku moja baada ya kifo. Jana, Jumanne saa kumi jioni, tukiwa tunapanga viti uani, mwangalizi aliyeko huko alipiga simu akaomba kuzungumza na Dereva. Mwana aliweka simu kwenye sauti kubwa, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mzee, pole sana na msiba. Nilifikiri nisubiri mazishi yapite, kisha nikaona mwalimu asingesubiri. Tumewafikia."

"Wangapi?"

"Mpaka sasa saba. Wote wamelala ubavu, wamepangwa kwa mstari, kuelekea upande mmoja. Palikuwa ni mahali pa kuzikia, Mzee. Na wale wawili ni kama ulivyoandika, kina na upande."

"Miguu?"

"Ipo. Palepale ulipoirudisha."

"Kijiko kimewagusa?"

"Hakijawagusa. Kilisimama mita ya thelathini na tano. Tumewafunika, na mhandisi amekubali bomba lipindishwe upande wa pili wa barabara. Hawatatolewa. Na udongo, kama familia itapenda kujua, una rangi mbili. Juu ni wa kijivu, kama majivu. Waliko wao ni mwekundu."

"Andika," alisema Dereva.

"Nimeshaandika, Mzee. Kwenye karatasi yangu, itakayobanwa nyuma ya karatasi ya mwalimu. Yake haiguswi. Alama ya shaka kwenye karatasi yake hiyo moja imeondolewa. Zilizobaki tutazipitia."

Dereva alisema asante, akamrudishia mwanawe simu. Kisha aliendelea kupanga viti, safu ya tatu, akivinyoosha kwa kamba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, wapwa kumi na mmoja, na waangalizi kumi na wanne aliowafundisha, ambao saba kati yao wako hapa na wengine wako kazini. Ameacha karatasi 1,873 zinazosubiri kusomwa upya. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani, madereva waliokuja na magari yao, na mama mshonaji, ambaye bado yu hai na ameketi nasi.

Tunamrudisha ardhini, nasi sote tumeona alipolazwa. Mungu amlaze kwa utulivu, na asiguswe.